Upande wa Nyigu

Mstari kwenye skrini ulikuwa umegoma kushuka. Fundi wa mnara wa kupimia hewa alikuwa ameukodolea macho tangu asubuhi, chai imepoa pembeni, na kila dakika tano aliubonyeza upya utadhani kuubonyeza ndiko kutakakoutia adabu.

Katika ofisi ile ndogo kando ya bonde, kushuka ndiyo ilikuwa sherehe. Mstari ukiwa juu ya sifuri, maana yake bonde linatoa hewa chafu zaidi kuliko linavyomeza. Ukiwa chini, linameza zaidi kuliko linavyotoa. Leo Alhamisi mwaka mzima wa kupima ulikuwa unatimia, na mstari ulisimama gramu arobaini na moja kwa kila mita ya mraba, juu ya sifuri, haujali.

Na aliyewaingiza watu katika jambo hili ni yeye mwenyewe. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wazibe mitaro iliyokausha bonde, maji yarudi, matete yaote. Wa kwanza kukubali alikuwa mjomba wake, mfyatua matofali aliyechimba udongo humo humo bondeni, aliyelizima tanuri lake la miaka kumi na tisa kwa maneno ya mpwa wake tu. Wengine wakafuata shingo upande, wakaweka sharti: bonde lipimwe mwaka mmoja, na kama halimezi, lango la maji linafunguliwa na kila mtu anarudi kwenye shughuli yake. Kikao kilikuwa Jumamosi. Fundi alishaona sura ya mjomba wake siku hiyo, na hakuipenda.

"Arobaini na moja nukta mbili," alisema mtafiti mkuu bila kuinua kichwa. Huyu walimwita Desimali, kwa sababu hata sukari aliagiza kijiko kimoja na nusu na akikuta kimezidi alirudisha kikombe. "Usiikate nukta mbili. Nayo ina haki yake."

"Nukta mbili ndiyo itatuokoa?"

"Haituokoi. Lakini ipo."

Mlango ukasukumwa, akaingia mjomba, kofia mkononi, viatu vimejaa tope la kwenye tuta.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Mashine inasemaje? Nimekutana na watu watatu njiani, wote wananiuliza tanuri nawasha lini. Mmoja ameniletea kiberiti. Eti zawadi."

Fundi alitaka kucheka, ikashindikana. Akamvutia kiti mbele ya skrini na kumweleza kila kitu, maana mtu aliyezima moto wake kwa ajili yako humfichi kitu. Akamwonyesha jinsi mstari ulivyoshuka vizuri miezi mitano ya kwanza, kisha ukapinda na kuanza kupanda. Wao walisema ni kiangazi. Walikubaliana hivyo, wakaandika hivyo, na hakuna aliyeuliza tena.

"Na hili ua la mishale ni la nini?" mjomba aliuliza, kidole chake kinene kimegusa kioo.

"Upepo huo. Mnara wetu uko juu ya tuta, si ndiyo? Magharibi ni bonde, mashariki mashamba ya mahindi. Upepo ukitoka bondeni umebeba pumzi ya bonde, tunaihesabu. Ukitoka mashambani tunautupa, si wetu. Huu hapa ni wa alasiri, miezi hii saba. Karibu wote unatoka mashambani."

Mjomba alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomtikisa mabega.

"Alasiri? Upepo wa alasiri unatoka mashambani? Basi mimi nimetukanwa bure miaka kumi na tisa!"

"Kivipi, mjomba?"

"Mwenyekiti wenu wa kikao, yule dobi Mama Shuka! Kamba zake za kuanikia ziko wapi? Upande wa mashamba. Nikichelewa kuwasha tanuri, ikifika alasiri moshi wote unamwendea yeye, mashuka ya watu yanageuka meusi, anakuja hapa tutani na fimbo. Ndiyo maana nilikuwa nawasha alfajiri, upepo ukiwa unaelekea bondeni. Mama, mimi siijui kompyuta. Lakini huo upepo wenu umevaa shati nyuma mbele."

Desimali aliweka kalamu chini. Fundi alianza kuhesabu miezi kurudi nyuma.

Miezi saba. Miezi saba iliyopita kipima upepo kilishushwa kwenda kutengenezwa, kile chenye vidole vitatu kinachonasa kila mpumuo wa hewa mara ishirini kwa sekunde. Siku ya kukirudisha, upande wa kaskazini wa mnara, upande wa ngazi, nyigu walikuwa wamejenga kiota. Akazunguka, akapandia upande wa pili akishikilia vyuma, roho mkononi. Akakifunga kama alivyozoea miaka yote, alama nyekundu ya kaskazini ikimtazama aliyepanda.

Ikimtazama yeye. Aliyepanda kutoka kusini.

"Mimi," alisema. "Ni mimi. Nimekifunga kinyume. Nilikuwa nakimbia nyigu."

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini chini ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine kinachorukaruka, kwa sababu kama kaskazini ilikuwa kusini, basi mashariki ilikuwa magharibi, na kwa miezi saba walikuwa wakiitupa pumzi ya bonde na kuhesabu ya mahindi ya jirani!

Alishika kipanya. Desimali akamwekea mkono juu ya kipanya.

"Usiguse."

"Ni kugeuza pembe tu! Dakika kumi!"

"Siku mbili kabla ya kikao, fundi aliyewabembeleza watu wazibe mitaro anageuza upepo na namba inakuwa tamu. Wewe ungekuwa Mama Shuka ungesemaje?"

Fundi aliondoa mkono. Angesema namba zimepikwa.

"Mwite," alisema Desimali. "Aone kwanza. Kabla hata sisi hatujajua jibu."

Mama Shuka alifika mikono bado ina povu, kanga imefungwa kiunoni kama ya mtu aliyejiandaa kwa ugomvi. Alimpita mjomba bila salamu. Chini ya mnara Desimali alimpa dira mkononi na darubini shingoni, kisha akarudi nyuma hatua tatu, asije akasemwa amemwelekeza.

"Natafuta nini?"

"Alama nyekundu kwenye kile chenye vidole vitatu," fundi alisema. "Zunguka mnara mpaka uione."

Mama Shuka alianzia kwenye ngazi. Hakuiona. Aliona kiota kikavu cha nyigu, akatukana kidogo, akaendelea. Alizunguka taratibu, uso juu, mguu ukipapasa majani, na upande wa pili kabisa akasimama.

"Hiyo hapo. Inanitazama."

"Soma dira. Umesimama upande gani wa mnara?"

Aliinamia kiganja chake kwa muda mrefu. "Kusini."

"Alama hiyo ni ya kaskazini. Nilikosea mimi, Mwenyekiti, na nitasema hivyo mbele ya kikao. Upepo wetu wa alasiri umeandikwa kuwa unatoka mashambani."

"Alasiri? Mashambani?" Mama Shuka alishusha darubini. "Nani mwehu aliyeandika hivyo? Alasiri upepo hutoka bondeni! Muulize huyu!" Akamnyooshea mjomba kidole. "Mashuka mangapi!"

"Mengi," mjomba alikubali. "Ndicho nilichowaambia."

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa kukubaliana juu ya jambo lolote, na wote wawili walionekana kukereka nalo.

Ofisini walibanana wanne mbele ya skrini moja. Fundi aligeuza pembe, akabonyeza, na kompyuta ikaanza kuhesabu upya. Feni ya dari ililia. Mstari ulichorwa mwezi kwa mwezi: wa tano, pale pale; wa sita, ulipopindia zamani, safari hii haukupinda. Ukashuka. Ukashuka tena. Ukavuka sifuri na kuendelea kushuka kama umetumwa.

"Mia nne na kumi chini!" Fundi aliruka, kiti kikaanguka. Akamkumbatia mjomba, akamkumbatia Mama Shuka na povu lake.

"Keti," alisema Desimali. "Hiyo ni hewa ya ukaa peke yake. Methani bado."

Furaha ikasimama hewani. Fundi alijua. Bonde lenye maji huvuta hewa ya ukaa kwa matete yake, lakini tope lake hutoa methani, na gramu moja ya methani ina ukali wa gramu nyingi za ile nyingine. Walikuwa wametupa methani ya bonde pia, miezi saba yote. Sasa ilikuwa inarudi kudai nafasi yake.

Mstari ukaanza kupanda. Mia tatu chini. Mia mbili. Mjomba alikuwa akiikunja kofia yake. Mia moja. "Simama wewe," Mama Shuka aliiambia skrini. Themanini. Sitini. Fundi alifumba macho.

"Hamsini na nane," alisema Desimali, na sauti yake ikapasuka katikati. "Chini ya sifuri. Linameza! Hamsini na nane kamili, hata nukta haina!"

Walipiga kelele wote, hata yeye. Mama Shuka alipiga meza mpaka chai iliyopoa ikamwagika, akasema Jumamosi atasimulia mwenyewe habari ya nyigu na atakayebisha apewe dira.

Mjomba peke yake alikuwa amerudi kwenye kiti.

"Mama," alimwita fundi. "Bonde zima, kwa mwaka, linameza ngapi?"

Fundi alipiga hesabu, bado anahema. "Kama tani saba, mjomba."

"Na tanuri langu? Nimechoma mara arobaini. Kila mara lori moja la kuni."

Hakutaka kuipiga hiyo, lakini mjomba alikuwa anangoja. "Mia na arobaini. Makadirio tu."

"Kwa hiyo bonde litaumaliza lini moshi wangu?"

Mama Shuka alitazama povu lililokauka mikononi mwake.

"Miaka ishirini," fundi alisema.

Mjomba alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Akafika themanini na tisa, akavaa kofia, akatoa mfukoni kile kiberiti cha zawadi na kukiweka mezani mbele ya Mwenyekiti.

"Basi hilo lango msiliguse," alisema. "Mpaka moshi wangu uishe."