Lumbesa Ishirini

Venanti simtaki. Hata akinisalimia kanisani, naitikia kwa sababu watu wanatuangalia.

Daraja letu la Muyama lilisombwa na mvua, na kwa wiki tatu tangawizi ya kikundi ilikaa stoo ikiota ukungu. Mwenyekiti ni mimi, Consolée. Ni mimi niliyewasukuma wenzangu kumi na mmoja wavune mapema, kwa hiyo lawama zote zilikuwa zangu. Ndipo kampuni moja ikaja kujaribu puto lake la mizigo, kubwa kuliko kanisa letu, ikakubali kutubebea magunia ishirini bure hadi Kasulu. Huko mnunuzi wetu, Akimana, alikuwa na lori linaloondoka saa sita mchana. Tukilikosa, tangawizi yote ni ya kumwaga.

Niliwaambia mpaka sauti ikanikauka: gunia moja kilo mia, basi, maana puto halibebi zaidi ya tani mbili! Venanti, katibu wetu, akajibu, "Sawa, mama."

Asubuhi puto likatua vizuri, likashusha saruji ya zahanati. Kugeukia magunia yetu, Mana yanje, Mungu wangu! Lumbesa tupu. Kila gunia limefura, limeongezwa kichwa na kushonewa kamba za katani. Mizani ikasoma kilo mia na arobaini.

"Venanti, umefanya nini?"

"Nimewaongezea kidogo, mama. Watu wametoka mbali, wanatubebea bure, tuwape gunia lililonywea? Wangetuona wachoyo."

Nilitamani kumzaba kofi. Abbasi, msimamizi wa puto, mtu mzima mwenye mvi, akatikisa kichwa. "Karatasi yangu inasema magunia ishirini ya kilo mia mia."

"Basi pakia kumi na manne!" nikamwambia. " Piga hesabu mwenyewe, hayafiki hata tani mbili."

Akapiga hesabu, akakiri ni kweli. "Lakini lazima ofisi ibadilishe karatasi." Akapiga simu Dar es Salaam. Bosi yuko kikaoni. Akapiga tena. Bado yuko kikaoni. Kikao gani hicho jamani, cha kuchagua papa?

Tukaanza kufungua magunia na kupima upya. Mizani moja, na kamba za Venanti zimekazwa kwa roho yake yote. Tulipomaliza gunia la sita, upepo wa saa nne ukaanza, puto likayumba kwenye kamba zake, ikawa lazima liondoke.

"Chukua basi haya sita," nikamsihi.

"Karatasi inasema ishirini, mama." Kisha akawageukia wanaume. "Leteni majembe! Tumeshashusha saruji, likiondoka jepesi hivi litatushinda. Jazeni udongo kwenye magunia matupu ya stoo, upesi!"

"Na huo udongo karatasi yake iko wapi?"

"Huo si mzigo, mama. Ni uzito tu."

Wakajaza, wakapima, wakapakia. Hata mimi nilishika gunia moja, maana puto lingepasuka pale, zahanati iliyo jirani ingeumia. Likapaa. Tangawizi yetu ikabaki juani, nami nikalia mbele za watu bila aibu.

Saa tano na nusu Akimana akapiga simu. "Dada Consolée, puto limefika. Nimefungua gunia, naona udongo. Tangawizi iko wapi?"

"Iko huku, inaoza," nikamwambia. "Udongo ndio uliotimiza vipimo."