Jicho la Wifi Kaneez

Ukitaka kuuza karatasi za vioo hapa mjini Multan, zile nyembamba za plastiki zinazobandikwa dirishani kukata jua, usibishe hodi kwenye nyumba za watu. Watakupa maji ya kunywa, watakuombea heri, kisha watafunga mlango. Mtu anayejenga hamsikilizi muuzaji. Anamsikiliza mkandarasi wake, hata kama wamegombana tangu asubuhi. Ndiyo maana nilimtafuta Allah Ditta, aliyekuwa akiwajengea ndugu wanne nyumba nne zilizofuatana. Ya kwanza, ya Haji Mehrban, ilikuwa imebakiza rangi tu.

Tukakubaliana. Haji akichukua karatasi, nyumba tatu zilizobaki ni zangu. Asipochukua, itabidi nifunge duka, maana kitu pekee kilichokuwa kikitumika mle ndani ni mkeka wangu wa kuswalia.

Nikamweleza Allah Ditta bidhaa, ili naye awaeleze wateja. "Inazuia joto. Na inazuia ile miale ya jua isiyoonekana, inayofifisha mapazia na kukausha mbao."

"Isiyoonekana?"

"Haionekani kabisa."

"Inatoka nje, inapita dirishani, inakuja kukuharibia vitu vyako?"

"Ndiyo hiyo."

"Ndugu yangu Rabnawaz, hiyo tunaijua tangu enzi za bibi zetu. Hiyo ni husuda."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwetu nyumba ikijengwa hutundikwa chungu cheusi kilichopinduliwa, jicho baya la mpita njia liishie hapo. Nyumba ikikamilika, chungu hushushwa. Hilo ndilo lililomnyima raha Bi Sughra, mke wa Haji. Ng'ambo ya barabara aliishi wifi yake, Kaneez, dada mkubwa wa Haji, na jicho la Kaneez lilisemekana kuwa limeua nyati wao wa kufugwa, wa maziwa, limesimamisha feni mpya ya sebuleni, na limepasua ukuta mpya wa jikoni.

"Fundi, chungu kikishuka, tutajikinga kwa kitu gani?" Bi Sughra aliuliza tulipofika kwake na karatasi yangu.

"Kwa karatasi hii, dada," alisema Allah Ditta bila kupepesa. "Inazuia husuda tisini na tisa kwa mia."

"Na hiyo moja inayobaki?"

"Kwa hiyo moja, mwandalie wifi yako chai."

"Hapana, mama," nikasema. "Ni ya jua tu."

"Wewe nyamaza, nimsikilize fundi," alisema Bi Sughra. "Lakini mimi sinunui maneno. Tujaribu."

Nikabandika karatasi kwenye dirisha moja la upande wa jua, la pili likabaki tupu. Nyuma ya kila dirisha likawekwa bakuli la maziwa, tuone yapi jicho litayaharibu. Kisha Haji akatumwa kumwita dada yake. Nilidhani Kaneez atatutukana. Kumbe alikuja amepaka wanja mpya.

"Mnataka jicho la kawaida," aliuliza, "au lile la harusini?"

"La harusini, wifi."

"Basi nileteeni kitanda cha kamba, mkiweke kivulini. Na chakula. Jicho halifanyi kazi na njaa."

Akaletewa mikate ya samli na mtindi wa chumvi. Akala, akajipangusa, akaanza kuyakodolea macho madirisha, mara hili, mara lile, kwa haki kama kadhi. Barabara ikajaa watu. Kijana mmoja aliyepita na pikipiki mpya alishuka, akaifunika kwa shuka, akaikokota hadi kwenye kona.

"Shangazi, usilegeze!" walimpigia kelele. "Kaza jicho!"

"Nyamazeni! Mnanipotezea shabaha."

Kabla ya adhuhuri alikuwa anakoroma. Mimi nikaenda kuswali. Nilitaka kumwomba Mungu ukweli ujulikane na nyumba tatu nisizikose. Nikaona ni mambo mawili yanayogombana. Nikaliacha la nyumba.

Niliporudi, Bi Sughra alikuwa ameshika mabakuli yote mawili. Maziwa ya dirisha lenye karatasi yalikuwa mazima. Ya dirisha tupu yalikuwa yameganda mabonge.

"Hata usingizini!" mtu alipiga ukelele. "Jamani, hata usingizini!"

Kaneez akazinduka. "Nimeshinda au nimeshindwa?"

Allah Ditta alikwishatoa futi yake ya mkanda apime madirisha yote. Nikasimama mbele yake.

"Bi Sughra, shangazi alikuwa anakoroma. Maziwa yameharibiwa na jua. Hebu weka mkono kwenye kioo hiki. Sasa kwenye hiki."

Akaweka. Akarudia. "Hiki kinachoma. Hiki kina nafuu."

"Basi. Karatasi haina kazi nyingine zaidi ya hiyo."

"Yaani jicho langu halifanyi kitu?" Kaneez aliinuka kitandani.

"Halifanyi, shangazi."

"Miaka yote hii napewa sahani ya kwanza harusini kwa kuogopwa, leo muuza plastiki unanivua heshima mbele ya mtaa mzima?"

Lakini Bi Sughra alikuwa bado ameshika kioo, anafikiri. "Kama si wifi, nani alimuua nyati?"

Haji akakohoa. "Alikuwa mzee. Nilimnunua mzee."

"Uliniambia ni mtamba!"

"Alikuwa na sura ya ujana."

"Na feni?" Bi Sughra akageuka. Sote tukamtazama Allah Ditta. "Na ukuta?"

Allah Ditta akatazama juu kama anayekagua mawingu. "Dada, umeme wa siku hizi..."

"Nimeuliza ukuta."

Hapo nikaelewa kwa nini fundi wangu aliipenda husuda kiasi kile. Kwa kila waya mwembamba na kila saruji iliyopunjwa, alikuwa amelisingizia jicho la yule mama. Bi Sughra akaanza kukagua vyumba, na Kaneez akamfuata. Hakuwahi kukanyaga mle ndani tangu msingi uchimbwe.

"Na hapa kigae kinacheza," alisema.

"Wapi, wifi? Nionyeshe."

"Hapa. Na bomba hili linalia."

Walipomaliza, Allah Ditta alikuwa ameahidi kubomoa nusu ya jiko. Bi Sughra akaniambia, "Wewe bandika madirisha yote. Mkono umepoa, nataka na mwili upoe."

Nje, Allah Ditta alikaa kwenye rundo la matofali, kilemba mapajani.

"Umenimaliza, Rabnawaz. Nyumba ya pili utanyamaza?"

"Sitanyamaza."

"Hata kidogo?"

"Nikiulizwa, nitasema."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi itanibidi nyaya niziweke nene tangu mwanzo."

"Itakuwa vizuri."

"Vizuri kwa nani? Kufanya kazi na wewe ni ghali, bwana."

Akaiangalia nyumba ya pili, ambayo madirisha yake yalikuwa bado matundu matupu. Kisha akainuka, akavaa kilemba, akanikabidhi ncha ya futi.

"Shika huko. Na ushike sawasawa; tukikosea sasa, hatuna tena wa kumsingizia."