Mikono kwa Uso

Aliyegundua ni wifi, na wifi yule akigundua jambo, mtaa mzima umegundua. Alikuja Jumapili kumtembelea kaka yake, akaingia chumba cha kazi kutafuta mkasi, akaikuta trei ya sarafu iko wazi mezani katikati ya mataya ya plasta. Kwenye kishimo cha katikati cha ile mahameli, pale ambapo siku zote hukaa sarafu ya mikono, palilala kitu cheusi, kimebonyea, utadhani kizibo cha chupa kilichokanyagwa na lori.

“Kaka! Njoo huku! Mikono yenu imegeuka mkaa!”

Mwenye trei alikuwa jikoni. Alisikia, akafuta mikono yake haraka. Alikuwa amepanga kumwambia mumewe mwenyewe, kwa wakati wake, kwa maneno yake. Sasa mambo yameshaharibika.

Mwanamke huyu alikuwa fundi wa meno ya bandia. Madaktari walimletea alama za vinywa vya watu, naye akiwa nyumbani kwake, kwenye chumba kilichojaa mataya yaliyopangwa rafuni yakikenua bila sababu, akayatengeneza meno. Na kwa miaka mingi alikusanya sarafu za Kirumi. Si nyingi, trei moja tu. Hakuzipenda kwa ukale wake, alizipenda kwa picha: meli yenye makasia, tembo aliyeinua mkonga, mbwa mwitu jike akinyonyesha watoto wawili wa watu, na wale wafalme wa upande mmoja wa uso, kila mmoja na pua yake. Alikuwa akimwonyesha mumewe, “Mwangalie huyu, kidevu kimeingia ndani. Nakuapia huyu magego yalikuwa yameshakwisha.” Mumewe akicheka. Yeye kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti, na habari za Warumi zilimpita juu.

Lakini sarafu ya mikono ilitoka kwake. Mwaka ule mkewe alipolazwa na kupasuliwa tumbo, akakaa wodini siku ambazo hakuna aliyejua zingeishaje, yeye alikuwa akitoka kazini na mafuta ya mashine kwenye kucha, anakaa kando ya kitanda, anamshika mkono mpaka wauguzi wamfukuze. Mkewe aliporudi nyumbani alimletea kisanduku. Ndani, fedha ndogo kama kifungo cha shati, na juu yake mikono miwili imeshikana. Alikwenda peke yake kwa wakusanyaji, akapekua sarafu zote bila kumuuliza mtu. “Sijui maana yake,” alisema. “Niliona mikono tu, nikakumbuka pale wodini.” Fundi alipomweleza kwamba kwa Warumi hiyo ndiyo alama ya mume na mke waliopatana, jamaa alitembea kifua mbele mwezi mzima.

Sasa mume alisimama mlangoni mwa chumba cha kazi akikitazama kile cheusi.

“Iko wapi?”

“Nimebadilishana na Stempu,” mkewe alisema. “Jana.”

Stempu ni mzee aliyeongoza kikao cha wakusanyaji kila Jumamosi, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule. Walimpa jina hilo kwa sababu alianza na stempu kabla ya kuhamia sarafu.

“Na hili ndilo amekupa?” wifi alidakia. “Hili si sarafu, hili gundu!”

Mume hakupaza sauti. Heri angepaza. Alikigeuza kile kitu mara mbili, akakirudisha, kisha akasema polepole, “Amekulaghai.”

“Hajanilaghai.”

“Amekulaghai, mke wangu. Yule mzee ana ulimi wa asali. Si kosa lako. Naenda kwake sasa hivi.”

“Hujanisikia? Mimi nimeanza kushika sarafu kabla sijakujua wewe! Nilaghaiwe na Stempu?” Neno hilo lilimkata maini kuliko hasira yoyote. “Nipe mpaka Jumamosi. Nitakuonyesha nilichokiona. Usiende popote.”

Mume alikubali, shingo upande.

Alichokiona fundi Jumamosi ile ni hiki. Kwenye kopo la takataka la Stempu, kati ya sarafu zilizooza, aliokota kipande hiki na kukielekeza dirishani. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mtu, kimelika hadi kuwa laini kama sabuni ya jana. Upande wa pili palikuwa na shimo lililojaa udongo mgumu. Wenzake wote waliona sarafu iliyogongwa na msumari. Yeye, anayeshinda akitazama alama za vinywa vya watu, aliona kingo za lile shimo zinapinda kama shavu. Alijua kilichotokea. Warumi walipiga sarafu kwa nyundo, kati ya mihuri miwili ya chuma. Mara mojamoja sarafu iliyokwisha kupigwa hunasa kwenye mhuri wa juu na mpigaji asitambue. Akiweka kipande kipya chini na kushusha nyundo, ile iliyonasa ndiyo inayokipiga, na kipande hutoka na uso uleule pande zote mbili: huku umetokeza, huku umezama. Na uso uliozama hausuguliwi na vidole vya mtu. Chini ya udongo ule huenda alikuwamo mtu mzima, na kila unywele wake, kama alivyokuwa siku ya nyundo.

Stempu hakuyaona hayo, lakini macho ya fundi aliyaona yanavyong’aa. “Nataka ile ya mikono,” akasema. “Nyingine sitaki.” Fundi alisita kwa muda wa kumeza mate. Kisha akatoa. Na sheria ya kikao chao ilikuwa moja: kitu kikishaingia mfukoni, mapatano yamekwisha, hakuna kurudi kulialia.

Wiki ile ilikuwa kazi juu ya kazi. Chuma hakigusi sarafu ya kale, hivyo alichonga vijiti vya mbao, akavilainisha kwa maji safi, akainama chini ya lenzi na kuutoa ule udongo chembe kwa chembe. Shingo ilimkakamaa. Macho yalimwasha. Wifi, aliyetangaza kwamba hatoki nyumba ile mpaka aone mwisho wa sinema, alikuwa akipita mlangoni na kikombe chake.

“Umefika wapi, wifi yangu? Umemkuta mfalme au umekuta funza?”

“Nenda zako.”

“Na yule mteja amepiga simu tena. Anauliza atamumunya mpaka lini.”

“Mwambie meno yake yapo. Ufizi haukimbii.”

Mumewe alikuwa akirudi kazini, ananawa, anakula, anamuuliza hali ya shingo. Kuhusu sarafu haulizi. Siku moja fundi alimsikia sebuleni akimwambia dada yake kwa sauti ya chini, “Mwache. Ametapeliwa na anaona aibu. Usimsimange.” Fundi aliuma meno. Subirini, alisema moyoni. Subirini tu, mtanyamaza wote.

Jumamosi mchana shimo lilikuwa safi. Alichukua ule mpira laini anaotumia kuchukulia alama za meno, akaukanda, akaujaza shimoni na kuubana kwa kidole gumba mpaka ukaganda. Kisha akaubandua, taratibu, kama anavyoubandua kwenye kinywa cha mtu mwenye meno yanayocheza.

Alikuwa mwanamke. Nywele zake zilikunjwa mawimbi juu ya sikio, zikateremka kisogoni, zikapandishwa tena utosini kwa msuko bapa. Midomo imefungwa. Kidevu kimekaza, kidevu cha mtu asiyependa kubishiwa. Mke wa mfalme fulani, bila shaka. Herufi za jina lake zilimzunguka pembeni, lakini hapo hewa ilikuwa imenasa na mpira ukatoka na viputo. Herufi hazikusomeka. Si neno, angechukua alama nyingine kwa mpira mwepesi zaidi. Uso ulikuwepo! Shavu lilikuwa shavu, kope zilikuwa kope. Fundi alijikuta anacheka peke yake kama mwehu.

“Mume wangu! Njoo! Wifi, na wewe njoo, na hicho kikombe chako!”

Walikuja. Mume akauweka ule uso wa mpira kiganjani, akausogeza dirishani, akautazama sana.

“Mzuri,” alisema.

“Umeona? Hakuna mwenye kitu kama hiki kwenye kile kikao, hata mmoja! Nilijua toka nilipokishika. Nililaghaiwa? Haya, sema sasa, nililaghaiwa?”

“Hukulaghaiwa.”

“Mbona sasa umenuna?”

Aliuweka ule mpira mezani kwa uangalifu mkubwa. “Wiki nzima nimekuwa nikijiambia umedanganywa,” alisema. “Nikasema, amechoka, mzee amemzidi ujanja, nani asiyekosea? Nikakusamehe tangu Jumapili, wala haikunipa taabu. Kumbe hukukosea. Uliitazama ile mikono, ukalitazama hili, ukachagua.”

Akatoka, na maji yakasikika yanatiririka bafuni, ingawa mikono yake haikuwa na uchafu wowote. Na wifi, jamani, hata wifi aliinamia kikombe. Alikunywa chai yake iliyokwisha.

Fundi alibaki amesimama na ushindi wake. Alitafuta la kujitetea. Angesema ni fursa isiyojirudia, na ni kweli. Angesema mikono ile ipo mingi, Warumi waliipiga kwa maelfu, na hilo pia ni kweli. Iliyopo mingi si ile iliyookotwa na mtu mwenye mafuta kwenye kucha. Alilijua hilo Jumamosi iliyopita, pale alipomeza mate. Alilijua na akatoa.

Akavua aproni. Akakitia kile cheusi kwenye kisanduku, na ule uso wa mpira juu yake, akaenda kusimama mlangoni mwa bafu.

“Vaa viatu,” alimwambia mumewe. “Twende kwa Stempu, bado wapo.”

“Huna haja. Yameshapita.”

“Hayajapita. Na sikuombi ushauri, nakuomba uje usikie nitakachosema. Baada ya hapo nuna mwaka mzima ukitaka.”

Chumba cha nyuma cha duka kilikuwa kimejaa wazee na sahani zao za sarafu. Stempu alimwona, akainua kiganja kabla hajafungua mdomo. “Mfukoni ni mfukoni, mama. Sheria unaijua.”

“Naijua. Sikuja kurudisha, nimekuja kubadilishana upya.” Alifungua kisanduku mbele ya wote. “Hili si taka. Limepigwa uso mara mbili, na huu hapa ndio uso wenyewe. Likague.”

Stempu alivaa lenzi yake. Alikagua, akaligeuza, akakagua tena, na wazee wengine wakasogea na kumzunguka kama nzi. “Mama,” alisema hatimaye, “una wazimu? Ungenyamaza nisingejua maisha yangu yote.”

“Wiki iliyopita nilinyamaza. Ona lilikonifikisha.”

“Na unataka nini kwa hili?”

“Ile ya mikono.”

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mmoja alimsihi alale kwanza, afikirie kesho. Fundi aligeuka nusu, ili mumewe aliyesimama mlangoni amsikie vizuri, na akasema kwa sauti: “Sikudanganywa na mtu. Nilijua hili ni nini, na ile ni nini, na nani aliniletea. Nikachagua vibaya, kwa akili zangu timamu. Sasa nachagua tena.”

Kicheko kikakatika.

Stempu alikuna shavu. Hakuwa mtu mbaya, lakini mkusanyaji ni mkusanyaji. “Sawa. Ila na huu mpira unabaki. Sitaki sura ya sarafu yangu izagae mitaani.”

Hapo ndipo fundi alipotaabika. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya ule uso. Herufi alikuwa bado hajazisoma. Wiki nzima ya shingo kukakamaa, na jina la yule mwanamke hakulijua. Alipiga moyo konde, akausukuma ule mpira upande wa pili wa meza.

“Chukua.”

Ile fedha ndogo ikaingia mfukoni mwake, kile cheusi mfukoni mwa Stempu, na mapatano yakawa yamekwisha.

Walitembea mpaka njia panda. Magari yalikuwa mengi, wakasimama kusubiri.

“Alikuwa nani yule?” mume aliuliza.

“Sijui. Jina halikutoka vizuri.”

“Hukulisoma?” Akamgeukia. Alimjua mkewe, huyu ni mtu aliyewahi kumwamsha alfajiri kumweleza jina la farasi wa kwenye sarafu. “Turudi basi. Umwombe dakika tano tu, hawezi kukukatalia.”

Alitaka. Alitaka mpaka viganja vikamwasha.

“Twende nyumbani,” alisema.

Walivuka. Walipofika ng’ambo, mume akakohoa kidogo.

“Alikuwa mzuri kweli, lakini.”

“Mno,” fundi akajibu, na machozi yakamtoka palepale kando ya barabara, watu wakipita, wala hakuyaficha.