Mgeni Rasmi wa Mbuzi

Usiku wa jana, tumbo likiwa limejaa makande ya mke wangu Tusekile, niliota nimealikwa kuwa mgeni rasmi kwenye sherehe ya mbuzi. Mimi ni diwani wa Itundu, mwaka wa tisa sasa, na mialiko huwa siikatai.

Nimekaa meza kuu. Mbele yangu kuna bomba la maji, jeusi, limelazwa kuvuka uwanja mpaka zahanati. Mwisho wake amekaa Nesi Subilaga na ndoo mbili tupu. Analisubiri bomba hilo tangu mwaka juzi, maana wanaojifungua kwake wanaogeshwa kwa maji ya kubebwa kichwani.

Mbuzi amevaa tai na miwani. Anasoma risala.

"Ndugu mgeni rasmi, changamoto yetu ya kwanza ni lango. Wageni wanaingia kwenye kata bila kujua wameingia. Tunaomba lango lenye upinde na maua."

Jibu la risala kila diwani analijua. Ukibisha utaonekana una roho mbaya. Nikasimama, nikasema, "Nimelipokea, tutalifanyia kazi." Ni lini nililifanyia kazi lolote, usiniulize.

Bomba likakatika mita kumi. Kipande kile kikajikunja, kikawa lango.

"Diwani," likasema bomba, "hicho kilikuwa mimi."

"Pole. Ni kauli tu ya heshima."

"Kwako wewe."

Mbuzi akafunua ukurasa. Akaomba sare za kamati ya mapokezi. Nikapokea. Akaomba hema la kamati ya kuandaa hema. Nikapokea, kichwa kilishazoea kuitika. Bomba linazidi kuwa fupi, halifiki tena kwa Subilaga.

Sasa tuko ndani ya wodi ya wazazi, sijui tumefikaje. Meza kuu imo katikati ya vitanda na mbuzi anaendelea kusoma. Kitandani kuna mtoto wa saa moja, amefungwa khanga, bado hajaogeshwa.

"Huyu ndiye anayesema ndiyo?" mtoto akamuuliza Subilaga.

"Ndiye."

"Anamwambia nani?"

"Kila mtu."

Mtoto akafikiri kidogo. "Basi sisi hatumo."

Niliona aibu, ile ya kukutwa na mkwe ukiwa na taulo tu. Mbuzi hakunipa nafasi.

"Ombi la mwisho. Bomba lililobaki tunaomba liwe sanamu yako, mgeni rasmi."

Bomba likaanza kupinda lenyewe. Nakiri niliangalia. Pua ilikuwa inatoka vizuri kuliko hii niliyo nayo.

"Hapana," nikasema.

"Rudia," ikasema maikrofoni ya meza kuu. "Hilo sijawahi kulisikia kwako."

"Hapana. Bomba liende zahanati."

Nikasubiri kuzomewa. Mbuzi akavua miwani. "Si ungesema mapema? Hata mimi nimechoka kusoma." Akaikunja risala, akaila.

Lango likanyooka, sare zikanyooka, hema likanyooka, vipande vyote vikaungana. Bomba likatoa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, likaizungusha kwenye kidole changu cha shahada mara tatu.

"Ya nini?"

"Hapana ya kwanza huwa inavuja."

Maji yakaingia wodini. Subilaga akaipindua ndoo moja, akaikalia, akamwogesha mtoto bila haraka. Mtoto akapiga chafya. Nilifurahi mpaka nikasahau kuhutubia.

Tusekile akaniamsha, kumekucha, simu mkononi mwake. "Baba Ambokile, ni Bwana Lugano wa kamati ya mapokezi."

"Mheshimiwa," akasema Lugano, "kwenye risala utakayosomewa leo kuna lile suala la lango. Tuandike kabisa kwamba umelipokea?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema lile la siku zote. Kidole kilichoshika simu kikanibana. Nikakitazama: tepu nyeupe, mizunguko mitatu.

"Hapana, ndugu yangu. Zahanati kwanza."

Lugano akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Tusekile alikuwa ananitazama kidole. "Umetengeneza bomba saa ngapi?"

"Bado," nikamwambia, nikaanza kutafuta viatu.