Mtu Mzima wa Ghorofa ya Nne

Bango lilipotundikwa langoni mwa chuo kikuu chetu, nilisimama na ndoo yangu nikalisoma mara mbili: TUNAMJALI MTU MZIMA. Wajesuiti hawa, mapadri wenye chuo! Miaka ishirini na mbili nawadekia ngazi, magoti yamekwisha, leo ndiyo wananikumbuka. Nilifurahi mpaka nikasahau kufunga bomba.

Nikaenda kwa Padri anayesimamia maadili ya chuo kuomba kazi ya chini, ghorofa ya nne apewe mwenye miguu. Padri ni mpole. Kila mchana hutukusanya wafanyakazi tutulie robo saa, kila mmoja aikague siku yake, amtafute Mungu katika mambo yote.

"Karibu, Mama. Leo umemwona Mungu wapi?"

"Ngazi za ghorofa ya nne, Padri. Nilibakiza kidogo nimwone ana kwa ana."

Hakucheka. Nikamweleza habari ya bango, akashika kichwa.

"Lo, Mama! Si mtu mzima wa umri. Ni mtu mzima mzima: akili, roho, mwili."

"Mwili una magoti, Padri?"

"Unayo," akasema, akaandika kwenye daftari.

"Na mtakatifu wenu mwanzilishi, si alikuwa anachechemea?"

"Alichechemea," akaandika na hilo.

Moyo ukanitulia. Nilidhani mtu akiandika ameshakubali.

Kamati yake ya maadili ikaketi wiki tatu. Sijapata kuona watu wakisali hivyo juu ya neno. Nikiingia kuchukua vikombe nawakuta wamefumba macho. Mwishowe Padri akaniita, uso unang'aa.

"Mama, swali lako limetuamsha kweli."

"Nahamia chini?"

"Tumebadilisha bango."

Jipya linasema TUNAMJALI MTU KATIKA UKAMILIFU WAKE. Halina kosa hata moja. La zamani nikaambiwa nilishushe, nilitupe. Kushusha nilishusha, kutupa, thubutu! Niliumia, sisemi uongo. Nililia kwenye stoo ya mafagio, kisha nikalikunja mara nne.

Bango lenyewe ni turubai nene, zuri. Kila asubuhi nalitandika kwenye ngazi za ghorofa ya nne, napiga magoti juu yake, nasugua. Maneno MTU MZIMA nayaweka chini ya goti la kushoto, lile bovu zaidi.

Juzi Padri alipita akanikuta hivyo, akanong'ona asinikatize.

"Unasali, Mama?"

"Hapana, Padri. Najaliwa."