Sauti Isiyokatika Bondeni

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake; alikuwa Spika, basi. Kazi yake ilikuwa kutangaza kwa gari: mikutano, misiba, watoto waliopotea. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, vipaza sauti viwili juu ya paa, na kila alipopandisha sauti taa za mbele zilififia, zikawaka, zikafifia tena.

"Shemeji, gari lako linakonyeza wanaume," alimtania mdogo wa mumewe, fundi umeme wa magari.

"Acha likonyeze. Mimi nimeolewa, lenyewe bado."

Fundi alicheka, lakini akafungua boneti. Alipima alteneta, mashine inayochaji betri, akaikuta nzima. Akasafisha vichwa vya betri, akatoa waya uliooza. Kisha kando ya betri akafunga stabilaiza, kijisanduku kisichozidi mche wa sabuni, pamoja na fyuzi yake.

"Hiki hakizalishi umeme," alimweleza. "Kinausawazisha tu, usiwe unapanda na kushuka ovyo. Taa zitatulia, na hiyo mashine yako ya sauti haitaungua."

Spika aliguna. Kidude kidogo hivyo?

Hata hawajafunga boneti, simu ikalia. Alikuwa mlinzi wa bwawa, anahema. Mvua ya huko milimani imelijaza bwawa, ukingo umeanza kumeguka. Watu wa bondeni wapande shuleni sasa hivi.

Bondeni ndiko alikokaa mama mkwe wake, na masikio yake yalikuwa mazito.

Walibamiza boneti, wakatimua mbio na gari, fundi kiti cha pembeni, bisibisi bado mkononi. Mvua iliwapokea mteremkoni, mawingu yakafanya alasiri kuwa kama magharibi. Spika akawasha taa, waipa, na feni ya kufuta ukungu wa kioo. Siku nyingine, kwa mzigo huo wa umeme, sauti ingekatika kabla hajamaliza sentensi. Akashika maiki.

"Watu wa bondeni, bwawa linapasuka. Acheni vitu, pandeni shuleni."

Sauti ilitoka nzima, ikajaa bonde. Taa hazikutetereka, aliona kila shimo mbele yake. Fundi alipiga dashibodi kwa kiganja, akicheka kama mwehu. "Pandisha, shemeji, pandisha tena."

Alipandisha. Milango ikafunguka kushoto na kulia, watu wakamwagika njiani na watoto mgongoni. Kwenye kona, mama mkwe alikuwa ameshatoka, mwavuli mkononi, kanga kichwani.

"Mkwe wangu, leo umemeza radi? Hata mimi nimesikia."

Wakampakia nyuma, wakaendelea kutangaza hadi nyumba ya mwisho.

Maji yalipofika, yalikuta vitanda na masufuria tu. Uwanjani mwa shule, Spika aliita familia moja moja kwa maiki, na kila aliyeitwa aliitika kwa kelele, wengine wakirukaruka kwenye matope. Fundi alisimama kwenye mvua, kalowa chapachapa, akimweleza kila aliyempita habari za kijisanduku chake.