Mlango Wenye Jicho la Shaba

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Mvua ya usiku ilikatika alfajiri, lakini mawe ya mlima wa Igogo yalikuwa bado yanatiririsha maji. Ziwa halikuonekana kabisa. Ukungu ulikuwa umelala juu yake mpaka karibu na paa za nyumba za chini. Nilipanda kwenda kwa mama huku nikisali Rozari, na nia yangu ilikuwa moja tu: ukuta usubiri.

Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ulipasuka wakati wa mvua za vuli, na tangu hapo kila mvua iliponyesha ufa ulizidi kufunguka. Sasa ungeweza kupitisha mkono na kuwasalimia majirani. Mama yetu, Aluoch, alikuwa bado analala humo. Mdogo wangu Okomo amejenga nyumba nzuri kule Kiseke, na ndani yake alimtengea mama chumba chenye kitanda kipya, chandarua na dirisha pana la alumini. Mama alikataa kuhamia. Tulimbembeleza, tukamletea mpaka padre. Alimkaribisha padre chai, akasali naye vizuri, akabaki palepale.

Siku hiyo tulikwenda kung'oa mlango wa mbele.

Mlango huo aliutengeneza marehemu baba. Jina lake Ooko, na alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana moja ya boti pale ufukweni. Boti kuukuu zilipovunjwa, mafundi waliruhusiwa kubeba mabaki, na baba alibeba mabamba ya chuma kidogokidogo hadi yakatosha mlango na fremu yake. Katikati, usawa wa uso wa mtu mzima, aliweka dirisha la duara la botini, lenye kioo kinene na pete yake nzito. Nakumbuka siku aliyoupandisha mlimani kwa mkokoteni. Wanaume wa mtaa walisukuma, wanawake wakacheka wakiuliza kama meli nayo imehamia Igogo. Kuanzia siku hiyo mimi na Okomo tulikuwa tunapanda juu ya ndoo kugombea kioo kile, tuone mvuvi gani anarudi na nani anashuka kutoka kwenye kivuko. Wadudu wa ziwani walipokuja kwa mawingu, walijaa kiooni mpaka sebule ikawa giza, na mama aliwasha taa mchana.

Baba alikuwa na tabia moja. Hata mlango ukiwa wazi, hata mvua ikimpiga, alisimama nje akabisha hodi, akangoja mama aseme karibu. Tulimcheka. Alisema, "Mimi nimechomelea tu. Mwenye nyumba yuko ndani."

Sasa nieleze kwa nini mlango ule ulipaswa kusafiri.

Mara ya kwanza tulipompeleka mama kuona chumba cha Kiseke, mke wa Okomo, anayeitwa Justa, mwenyeji wa Bukoba, alipika ndizi kama za harusi. Mama alikula, akasifu. Akaingia chumbani, akasukuma dirisha.

"Linateleza kama sabuni," alisema.

"Ndiyo ya kisasa, mama," Okomo akajibu.

Mama akazunguka chumba, akatazama mlango uliomwingiza, akatazama sebule aliyotokea. Kisha akajitanda kanga yake. "Mmejenga vizuri, wanangu. Mungu awabariki. Okomo, nirudishe nyumbani."

Okomo alidhani tatizo ni dirisha. Akaweka la chuma, la kufungua kwa nje kama la Igogo. Mama akakataa. Justa alidhani tatizo ni yeye. Alinipigia simu akilia: "Wifi, mama hataki kula mkononi mwangu. Niambie ukweli."

Ukweli sikuujua. Niliuombea. Siku moja nikitoka kwenye masomo ya jioni ya watu wazima nilipitia kwa mama, nikamkuta anachambua karanga.

"Mwanafunzi," alisema, "leo wamekufundisha nini?"

"Historia. Mama, kwa nini hutaki Kiseke?"

Alichambua karanga kadhaa kabla ya kujibu. "Chumba kile, mlango wake unafungukia wapi?"

"Sebuleni."

"Sebule ya nani?"

"Ya Okomo."

"Haya," alisema, akarudi kwenye karanga zake.

Hapo nikaelewa, nikaona aibu kwamba sikuelewa mapema. Kwetu sisi Wajaluo tuliotoka Mara, mama halali ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Anaweza kukaa ua mmoja naye, akala chungu kimoja naye, lakini jioni anaingia kwa mlango wake mwenyewe. Okomo amezaliwa mjini, amekulia mjini. Alijenga chumba kwa upendo wote na akakosea mahali pa kuweka mlango.

"Lakini mama, sisi ni watu wa ubatizo."

"Nilibatizwa kabla hujazaliwa. Mungu hajawahi kuniambia nimvunjie mwanangu heshima. Ninasali usiku na mchana, na bado siwezi kupita mbele ya chumba cha mwanangu na mkewe nikienda kulala."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, Justa atasikia kwamba nyumba yake ina mwiko. Huyo mtoto wa watu amekosa nini?"

Nilikwenda Kiseke kesho yake, nikawaeleza wote wawili. Okomo aliinamisha kichwa. Justa yeye aliruka kutoka kwenye kiti.

"Kumbe! Miezi yote hii nalia na ndizi zangu! Wewe Mjaluo gani usiyejua mambo ya kwenu?" Akampiga mumewe kwa kitambaa cha mezani. Kisha akasimama, akakitazama kile chumba. "Si kiko pembeni? Toboeni ukuta wa nje, muweke mlango. Huu wa sebuleni zibeni kwa tofali. Itakuwa nyumba ya mama, imeegemea tu yetu."

"Nitampa mlango wa alumini," Okomo akasema.

"Baba alishampa mlango," nikasema mimi.

"Dada! Mlango ule kwenye nyumba hii? Watu watasema nimeegesha boti ukutani."

"Waseme," Justa akajibu.

Tulipompelekea mama habari hiyo hakusema ndiyo. Alisema, "Nitauona kwanza."

Basi Jumamosi ile nilimkuta Okomo na vijana wa kubeba, na fundi Malimi ameshafika na vyuma vyake. Alikuwa ameegemeza magogo chini ya paa, mbele na nyuma, maana alihofia kwamba kuutikisa ukuta wa mbele kungeangusha wa nyuma. Mama alikuwa ameketi ndani, kwenye kiti chake, na kitabu cha sala mapajani.

"Bibi, toka kwanza," Malimi alimwomba.

"Ngosha, fanya kazi yako," mama akajibu. Wanaume wote wa Kisukuma kwake ni Ngosha. "Mlango ukitoka, na mimi nitatoka."

Nilipiga magoti kumsihi. Akaniambia kama nimeshapiga magoti basi nisali.

Malimi akaanza kuchimba pembeni mwa fremu kwa tindo. Baba alikuwa amechomelea vikucha vya chuma nyuma ya fremu, vikaingia ukutani kwa kina.

"Mzee huyu hakutaka mlango uondoke," Malimi alisema akifuta jasho.

"Aliwajua watu wa kwenu," mama akajibu kutoka ndani. "Mnapenda vya bure."

Malimi akacheka, tindo likamteleza, likagonga pete ya lile dirisha la duara. Kipande cha rangi kikaruka. Chini yake palikuwa na kitu cha rangi ya asali iliyokolea. Akakwangua kwa kisu. Rangi zikatoka moja chini ya nyingine: bluu, kijani, krimu, tena kijani. Zilikuwa Krismasi zetu zote. Ile krimu niliitambua, ni ya mwaka wa kipaimara changu. Ilinichafulia gauni nikachapwa, kisha nikapewa soda.

"Bibi," Malimi aliita, "hii mlikuwa mnaipaka rangi?"

"Kila Krismasi. Isishike kutu."

"Kutu? Hii ni shaba ya melini! Imekaa majini miaka na miaka haikuoza, ninyi mmeificha kwa rangi ya mafuta!"

Okomo akaangua kicheko. Mimi pia. Lakini mama aliinuka, akaja mpaka mlangoni, akaigusa ile pete kwa kidole.

"Ooko alijua," alisema taratibu. "Lazima alijua, si alikuwa fundi wa boti? Kila mwaka nilimwuliza, na hii nayo niipake? Akasema, paka tu, Aluoch."

"Kwa nini hakukukataza?" nikamwuliza.

Mama aliendelea kuipapasa ile pete. "Nilikuwa naimba nikipaka. Alikuwa anakaa pale kwenye jiwe, ananisikiliza."

Malimi alivua kofia yake, akaivaa, akaendelea.

Fremu ilipoachia ukuta, nyumba yote iliguna. Udongo ulidondoka kutoka kwenye ufa wa nyuma, na plasta ikapasuka juu ya kitanda cha mama. Wanaume waliubeba mlango wakautoa, na mama akatoka nyuma yake kwa hatua zake za kawaida, kitabu cha sala kwapani, kana kwamba anasindikiza mgeni. Hakugeuka. Mimi niligeuka. Palikuwa na uwazi tu, na ndani yake kile kiti.

Tangu usiku ule mama alilala kwa jirani, Mama Evelina, kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisa. Katikati ya wiki mvua kubwa ilinyesha, na ukuta wa nyuma ukaanguka juu ya kitanda. Nilipoona yale matofali kwenye godoro sikuweza kusema sala yoyote zaidi ya asante.

Jumamosi iliyofuata jumuiya nzima ilipanda gari kwenda Kiseke kubariki. Mlango ulikuwa umesimama mahali pake pembeni mwa nyumba, ukitazama njia na mawe ya mlima wa jirani. Justa alikuwa ameisugua pete ya shaba kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa. Tuliimba, Mama Evelina akasoma Injili, maji ya baraka yakanyunyizwa. Kisha wote wakamngoja mama aingie.

Mama hakuingia.

"Ufunguo," alisema.

Okomo akampa.

"Umechongesha mmoja tu?"

Okomo akajikuna shingo. "Kuna wa akiba, mama. Ninao mimi. Ukiugua usiku..."

"Kwa hiyo mlango ni wangu na ufunguo ni wako."

Watu wakaguna. Mama Evelina akasema kwa sauti, "Mtoe, kijana." Okomo akautoa mfukoni. Mama akaupokea, akatembea mpaka alipokuwa amesimama Justa, akauweka mkononi mwake na kumfumba vidole.

"Nikiugua, wewe utajua kabla yake," alimwambia. "Mkwe wangu, ndizi zako nilizipenda tangu siku ile."

Justa alifunika uso kwa kanga.

Mama akamgeukia Okomo. "Baba yako aliutengeneza mlango huu, na bado alikuwa anabisha. Wewe je? Sema hapa, wakusikie."

Okomo alinitazama mimi, akamtazama mkewe, kisha akaweka kiganja chake juu ya chuma cha mlango na kusema kwa sauti ambayo hata waliosimama njiani waliisikia:

"Mbele ya Mungu na ninyi wote, hii ni nyumba ya Aluoch, mama yangu. Sitaingia humu bila kubisha hodi, na asiponiambia karibu, nitabaki nje."